Kusubu Chubwi za Mshipi: Mwongozo kwa Wavuvi wa Mombasa

Uvuvi wa mshipi kwenye mwamba unakula chubwi, yale mazito ya kuzamishia ndoana. Ukitoka Nyali au mlangoni mwa Kilindini siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi, maji yakianza kuvuta, chubwi inaingia kwenye ufa wa jiwe na hairudi. Ndiyo maana wengi wamehamia kwenye plagi kuukuu za magari, nati, vipande vya nondo, hata mawe ya kufunga kwa kamba. Vyote hivyo vinazama, ila tofauti yake na risasi, ile metali laini na nzito ya chubwi halisi, ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kilo moja ya risasi ikiingia baharini inabaki na uzito wa gramu 910 hivi, kwa sababu maji yanaibeba kidogo tu. Kilo moja ya chuma inabaki na gramu 870. Kilo moja ya jiwe inabaki na gramu 600, na juu ya hapo jiwe lenyewe ni kubwa mara nne na zaidi, kwa hiyo mkondo unapata pa kulisukumia. Unadhani umefika chini kumbe mshipi umepinda kama upinde na chambo kinaelea juu ya kichwa cha changu.

Chubwi nzuri unaweza kuisubu mwenyewe, yaani kuyeyusha risasi na kuimimina kwenye kalibu, chombo chenye umbo la chubwi ndani yake. Kazi hii haihitaji karakana, inahitaji subira na nidhamu. Niseme mapema: kuyeyusha risasi ndiyo sehemu nyepesi. Yanayoumiza watu ni mawili, unyevu kwenye kalibu na vumbi la risasi linaloingia nyumbani. Mji wetu una unyevu hewani mwaka mzima, na nyumba zetu zimebanana zikiwa na watoto kila ua. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye mambo hayo mawili.

Sumu kwanza

Risasi ni sumu, na mwili hauna kazi nayo hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inashambulia ubongo unaokua, figo na damu, na kwa mama mjamzito inavuka hadi kwa mtoto tumboni.

Mombasa hatuhitaji kusimuliwa habari hizi kutoka mbali. Pale Owino Uhuru, upande wa Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilifanya kazi jirani na nyumba za watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido aliajiriwa pale, mwanawe mchanga akakutwa na risasi mwilini, na kupigania kwake kijiji kile kulimletea Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Wewe unayesubu kilo tatu kwa mwezi hufanani na kiwanda, lakini vumbi ni lilelile na mtoto anayetambaa sakafuni ni yuleyule.

Kwa sababu hiyo, kuna masharti ambayo hayana mjadala. Usifanye kazi hii jikoni, chumbani, wala kwenye ua wa ndani ambao hewa haipiti. Usifanye watoto au mama mjamzito wakiwa karibu. Usile, usivute sigara, wala usitafune muguka au miraa huku unashika risasi, maana njia kubwa ya risasi kuingia mwilini ni mkono kwenda mdomoni. Na ile tabia ya kubana chubwi ndogo kwa meno, iache leo.

Risasi ya kutumia na ya kukataa

Usiguse betri. Hili nalirudia kwa kila anayeniuliza, kwa sababu betri mbovu ndizo zinazopatikana kwa wepesi zaidi. Ndani yake mna tindikali, na ule uji mweusi wa kwenye sahani ni misombo ya risasi inayogeuka vumbi ukikauka. Pia sahani hizo huchanganywa na antimoni, arseniki au kalisi, na mabaki yake yakikutana na unyevu yanaweza kutoa gesi za kuua. Betri ipeleke kwa wanaozikusanya kwa leseni, uwaachie.

Inayofaa ni risasi ya balansi, vile vipande vinavyobanwa kwenye rimu wakati wa kusawazisha magurudumu. Ongea vizuri na wa panchari wako, atakuwekea kopo. Vipande hivyo vina antimoni kidogo inayovikaza, kwa hiyo chubwi yake haikwaruziki ovyo kwenye mwamba. Nyingine nzuri ni mabomba ya maji ya zamani, maganda ya nyaya kuukuu za umeme, na mabati laini ya risasi yaliyowekwa kwenye viungo vya mapaa ya majumba ya kale. Chubwi kuukuu zilizopinda nazo zinarudi sufuriani.

Ukienda kwa wauza chuma chakavu, nenda kwa mwenye leseni. Biashara hiyo ina sheria yake tangu mwaka 2015, na waya uliong'olewa kwenye mlingoti wa umeme utakuletea polisi kabla haujakuletea chubwi.

Vipande vya balansi vichambue kimoja kimoja. Siku hizi vingi ni vya zinki au chuma. Vingine vimechapwa alama: Pb ni risasi, Zn ni zinki, Fe ni chuma. Kisicho na alama kibane kwa koleo la kukatia. Risasi inakubali meno ya koleo kwa ulaini na kuacha kovu linalong'aa. Zinki inakataa, na ukiidondosha sakafuni inalia, wakati risasi inaanguka kwa kishindo kizito kisicho na mlio. Uchambuzi huu usiufanyie haraka. Zinki ikiyeyuka ndani ya risasi, sufuria nzima inakuwa uji unaogoma kuingia kwenye kalibu. Bahati nzuri risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi na zinki kwenye 419. Ukiutawala moto, kipande cha zinki kilichokupita kitaelea juu kikiwa kigumu, nawe utakiondoa kwa upawa.

Uzito na umbo

Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina uzito wa gramu 11.34. Hapo hesabu ya chubwi ya mviringo mrefu inakuja yenyewe. Upana wa sentimita 1.5 kwa urefu wa 5 unakupa gramu 100. Upana wa sentimita 2 kwa urefu wa 7 ni gramu 250. Upana wa 2.5 kwa urefu wa 9 ni nusu kilo. Ukiweka tundu la kupitisha mshipi katikati, punguza kidogo.

Kwenye mkono wa bahari kama Tudor, maji yakiwa yamesimama au siku za maji mafu, gramu 60 hadi 100 zinakutosha. Nje ya mwamba kwa tewa na changu wakubwa, hasa kusi likivuma, utataka robo kilo, na palipo na mkondo mkali nusu kilo. Umbo liwe jembamba na refu, ncha zimeviringwa. Chubwi ya duara inabingirika hadi kwenye tundu la kwanza la jiwe na kukwama humo, na yenye kona inashika matumbawe. Ile ya piramidi iache kwa wanaotupa kutoka ufukweni kwenye mchanga mtupu.

Kutengeneza kalibu

Kalibu ya aluminiamu ya dukani ni nzuri ukiipata. Usipoipata, tengeneza ya jipsamu, ile poda nyeupe wanayomiminia urembo wa dari. Watu wengine huchimba shimo kwenye mchanga wa pwani na kumimina humo. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi inavuta maji kutoka hewani hata ukiuanika juani kutwa. Usijaribu.

Anza na mfano wa chubwi. Chonga kijiti cha mti laini kwa kipimo ulichokichagua, kipige msasa, kisha kipake vanishi hadi kiteleze. Tafuta kisanduku cha mbao au kopo la plastiki la mstatili, kubwa kuliko mfano kwa sentimita 3 kila upande. Kalibu nyembamba hupasuka.

Jaza nusu ya kisanduku kwa udongo wa mfinyanzi, laza mfano juu yake, na uukandamize uzame nusu kamili. Hapa ndipo pa kutulia: mstari wa udongo ukipanda juu ya nusu ya mfano hata kidogo, kalibu haitaachia. Bonyeza vishimo viwili au vitatu kwenye udongo kwa ncha ya kalamu, pembeni, ili nusu ya pili ipate vinundu vya kujishikia. Paka mfano na kingo za kisanduku mafuta ya mgando, kidogo sana.

Changanya jipsamu vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha maji. Nyunyiza poda ndani ya maji, usimwage maji kwenye poda, uiache izame yenyewe kabla ya kukoroga polepole. Mimina kutoka kona moja na ugongegonge kisanduku ili mapovu yapande. Baada ya nusu saa geuza, toa udongo wote, safisha, paka mafuta ya mgando kwenye uso mzima wa jipsamu, kisha mimina nusu ya pili. Ikikaza, tenganisha kwa kisu chembamba.

Sasa chonga mdomo wa kumiminia kwenye kichwa cha chubwi, umbo la faneli, upana wa sentimita moja na nusu hivi juu. Mdomo mpana unaweka akiba ya risasi ya moto ambayo itashuka chubwi inapopoa na kusinyaa. Kwaruza na mifereji miwili myembamba kama unywele kutoka kwenye uwazi wa chubwi hadi nje, hewa ipate pa kutokea. Kwa upande wa kitanzi, chonga mfereji wa kulaza waya wa shaba wa milimita 2. Waya wa mabati usiutumie, una zinki na utaoza baharini.

Kukausha

Hatua hii ndiyo inayoamua kama utamaliza siku ukiwa na macho yako.

Maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700. Tone lililojificha ndani ya kalibu likifunikwa na risasi ya nyuzi 370, halipati muda wa kutoka taratibu. Linalipuka na kuirusha risasi yote juu, kwenye uso wa aliyeinama kutazama. Jipsamu ni mbaya zaidi katika hili kwa sababu maji yamo katika umbile lake. Ukiishika unaiona kavu, inatoa hata mlio wa ukavu, na bado ndani imebeba maji ya kutosha kukuunguza.

Ianike kwanza kwa wiki moja penye upepo, nusu mbili zikiwa zimetenganishwa. Kisha itie kwenye oveni kuukuu isiyopikiwa tena, au juu ya wavu kwenye jiko lenye majivu ya moto, kwenye joto la nyuzi 120 hivi kwa saa kadhaa. Moto mkali wa ghafla utaipasua.

Kuna njia mbili za kujua imekauka, na nakuomba uzitumie zote. Ya kwanza ni mizani. Pima kalibu kila baada ya saa moja na uandike. Itapungua, itapungua, halafu itasimama. Vipimo viwili vikifuatana sawasawa, maji yamekwisha. Ya pili ni kioo. Chukua kioo kidogo cha mkononi, kipoe kivulini, kisha kishikilie juu ya mdomo wa kalibu ikiwa bado ya moto na uhesabu hadi kumi. Ukikigeuza na kuona ukungu, hata ule mwembamba wa pembeni unaofutika mara moja, rudisha kalibu motoni. Nimeona kalibu iliyokuwa juani siku nne ikijaza kioo ukungu hadi maji yakatiririka.

Na kukausha mara moja hakutoshi. Ukiiweka rafuni wiki mbili, hewa ya Mombasa inairudishia unyevu wake. Ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, na kila siku ya kusubu ipashe tena na uifanyie jaribio la kioo tena. Miezi ya masika, Aprili na Mei, mimi siwashi moto kabisa. Januari na Februari, kaskazi likivuma na anga likiwa kavu, ndiyo majira ya kazi hii. Subu za mwaka mzima wakati huo.

Mavazi na mahali

Viatu vya ngozi vilivyofunika mguu wote, suruali ndefu ya pamba iliyoshuka juu ya kiatu, isiyochomekwa ndani. Kandambili na kikoi ni vazi la baraza, hapa hapana. Nailoni na poliesta huyeyuka na kugandana na ngozi. Miwani ya kinga na ngao ya uso, glavu ndefu za ngozi za fundi wa kuchomelea, aproni ya ngozi. Barakoa iwe ile ya mpira yenye vichujio vya P100. Ya kitambaa au ya hospitali haizuii chembe za risasi.

Funga kitambaa kipajini. Joto letu linatoa jasho, na tone la jasho likidondoka ndani ya sufuria litaruka na risasi. Chupa ya maji na soda zikae mbali na meza. Kiu ikikushika, zima moto, vua glavu, nawa, ondoka kabisa ukanywe.

Chagua mahali wazi, sakafu ya udongo au zege kavu, upepo ukikupiga mgongoni na kupeleka moshi kusiko na dirisha la mtu. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu kwa ajili ya moto. Maji ya kuzimia hayafai hapa.

Kuyeyusha

Sufuria iwe ya chuma, nzito, yenye kitako kipana kisichoyumba. Za aluminiamu, ambazo ndizo zimejaa majikoni kwetu, usizitumie: aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660, na makaa yaliyopulizwa yanapita hapo kwa urahisi, kwa hiyo kitako kinaweza kuachia kilo zote miguuni pako. Sufuria na upawa vikishatumika kwa risasi havirudi jikoni maisha. Vipake rangi nyekundu ili asiyejua asikosee.

Kilo 3 za risasi ni robo lita na ushei tu, zinaingia kwenye kikombe cha chai. Usijaze sufuria zaidi ya nusu. Weka risasi yote sufuriani kukiwa baridi, funika, ndipo uwashe. Maji au uchafu uliojificha kwenye matundu utatoka taratibu joto likipanda. Chubwi zilizotoka baharini zioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uzikaushe siku kadhaa kabla. Katu usitupe kipande baridi ndani ya risasi iliyokwisha kuyeyuka. Ukitaka kuongeza, zima, subiri igande, ongeza, washa upya. Inachosha, lakini ndiyo salama.

Meko ya gesi yanatawalika kuliko makaa. Kipimajoto cha hadi nyuzi 500 kitakusaidia sana: lenga kati ya 350 na 400. Ukipita 480 mvuke wa risasi unaanza kuwa jambo la kuhofia, na huna sababu ya kufika huko. Usipokuwa na kipimajoto, gusisha uso wa risasi kwa kijiti kikavu kabisa kilichokaa juu ya jiko. Kikigeuka kahawia na kutoa moshi mwepesi, uko sawa. Kikishika moto papo hapo, punguza.

Risasi ikiyeyuka utaona juu kuna utando wa kijivu, mchanga, vibanio vya chuma, labda na vipande vya zinki. Ondoa vile vikubwa kwa upawa wenye matundu uliopashwa moto. Kisha tia kipande cha nta ya mshumaa kama punje ya mbaazi na urudi nyuma hatua moja. Nta itatoa moshi na pengine kuwaka. Iache iwake. Koroga kuanzia chini, ukikwangua kitako na kuta. Hapo mambo yanabadilika mbele ya macho: ule utando wa uji unavunjika, risasi iliyokuwa imenaswa ndani yake inashuka, na juu linabaki jivu jeusi la ungaunga. Likusanye pembeni polepole bila kulipeperusha, ulitie kwenye kopo la bati lenye mfuniko. Jivu hilo ndilo lenye sumu nyingi kuliko kitu chochote utakachoshika siku hiyo. Uso unaobaki unang'aa kama kioo kipya. Ukigeuka rangi ya dhahabu kisha buluu mara tu baada ya kuukwangua, moto umezidi.

Kumimina

Kabla ya kufunga kalibu, paka uwazi wa chubwi masizi ya mshumaa, safu nyembamba. Laza waya wa shaba mahali pake, ukiwa umepinda ncha ya ndani ili risasi iung'ang'anie. Unayetaka tundu katikati, pitisha msumari mrefu ulionyooka uliopakwa masizi, utautoa baadaye kwa kuuzungusha. Funga nusu mbili kwa vibanio vya seremala na uisimamishe kwenye sinia ya chuma yenye mchanga uliokaangwa.

Kalibu iwe ya moto, kiasi cha kutoshikika kwa mkono mtupu. Pasha upawa kwa kuuzamisha taratibu. Teka risasi ya kutosha kalibu nzima kwa mara moja, simama wima na uso nyuma, mimina kwa mfululizo usiokatika mpaka mdomo ujae na kubaki na kidimbwi juu. Mara ya kwanza kwa kalibu mpya ya jipsamu, mimina kidogo kwanza na usubiri. Ikitoa povu au kuchemka, acha kila kitu na urudi kwenye kukausha.

Tazama kidimbwi cha juu. Kitaanza kinang'aa, kitafifia kuanzia ukingoni, kisha kati patadidimia. Subiri dakika kadhaa baada ya hapo, robo saa kwa chubwi ya nusu kilo, maana ndani inachelewa kuganda. Fungua, idondoshe kwenye mchanga mkavu. Usiipoze kwa maji.

Chubwi ya kwanza na ya pili karibu kila mara hutoka na mikunjo, kwa kuwa kalibu haijashika joto. Zirudishe kwenye rundo la kuyeyusha. Mikunjo ikiendelea, ongeza moto kidogo. Ukiona ngozi yenye ukungukungu mweupe, umezidisha. Shimo upande wa mdomo maana yake kidimbwi kilikuwa kidogo. Ncha isiyojaa ni hewa iliyokosa njia, chimba mfereji. Kalibu ya jipsamu itaanza kumomonyoka baada ya muda, haina maisha marefu, kwa hiyo tunza ule mfano wa mti.

Kumalizia na usafi

Kata shina la mdomo kwa msumeno wa chuma au koleo. Kingo zilainishe kwa kisu na si kwa tupa wala msasa, kwa sababu visu hutoa maganda yanayookoteka na tupa inatoa vumbi. Ukishindwa kuepuka tupa, lowesha kazi na fanya juu ya gazeti utakalolikunja lote. Zipake chubwi rangi ya mafuta tabaka mbili. Rangi inapunguza risasi inayobaki viganjani kila unapoishika, na nyeusi au kijani inakaa vizuri kwenye mwamba.

Nguo zivue kabla ya kuingia ndani, ziingie mfuko wake, zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto. Viatu vibaki nje. Nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni, piga mswaki chini ya kucha, oga, ndipo ubebe mtoto. Mahali pa kazi pafutwe kwa kitambaa kilichoroweshwa. Kufagia pakavu kunalipandisha vumbi hewani.

Kopo la jivu liandike SUMU, lifunge, uliweke pasipofikiwa, na likijaa lipeleke kwa kampuni yenye leseni ya taka hatari kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Usilimwage shimoni, chooni, kwenye bustani ya mchicha wala baharini. Anayesubu mara kwa mara aombe hospitali impime kiwango cha risasi kwenye damu mara moja kwa mwaka, na aseme wazi kwa nini anaomba.

Ukiifunga mshipini

Kazi yote hiyo isipotee kwa mtupo mmoja. Funga chubwi kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe. Mshipi wako ukiwa wa kilo 30, uzi wa chubwi uwe wa kilo 10 na urefu wa shubiri moja au mbili. Ikikwama, vuta kwa kunyooka: uzi mdogo unakatika, ndoana na samaki vinarudi. Hivyo unaacha baharini chubwi moja badala ya chubwi, ndoana mbili na pima kadhaa za nailoni zitakazonasa kasa.

Chubwi ndogondogo za gramu chache usizisubu kwa risasi. Uingereza ilizipiga marufuku za chini ya gramu 28 mwaka 1987 kwa sababu batamaji walikuwa wanazimeza na kufa, na kwetu koko, ile misitu ya mikoko, za Tudor na Mtwapa zina ndege wanaochokora tope vilevile. Kwa tafi na samaki wadogo wa kwenye koko, nati ya chuma inatosha.

Zilizobaki zihifadhi kwenye kopo lake lenye mfuniko, zisikae kwenye mfuko wa chambo wala kwenye kapu la samaki. Chomboni kopo lifungwe kwenye kiuno cha ndani, chini na katikati, mahali ambapo wimbi likipiga halitalirusha.